Unaimba Kijapani bila kutazama karatasi? Uzi wa kupima unakijua kiasi gani

SautiKavu:

Wakuu, kuna swali lisilochoka kuulizwa: "Nimeshika nyimbo 30 za Kijapani, beti na viitikio vyote, je niko N ngapi?", yaani ngazi ipi ya JLPT, mtihani wa Kijapani kwa wageni. Jibu ni kwamba hizo nyimbo 30 peke yake hazikuweki kwenye ngazi yoyote. Wimbo ulioshikwa kichwani ni kama shanga zilizotungwa, ukivuta ya kwanza zingine zinafuata zenyewe. Kinachokuletea neno ni tuni. Ondoa tuni ndipo utajua una maneno mangapi. Kwa hiyo vipimo vyote ninavyoweka hapa vina sharti moja: muziki umezimwa.

Kipimo cha kwanza, maneno 20. Chukua mashairi ya nyimbo 5 unazojivunia. Toa nomino, vitenzi na vivumishi 20, lakini usichague kwa kupenda. Hesabu kila neno la 10 mpaka yatimie. Yaandike kwa hiragana (herufi za silabi za Kijapani) kwenye karatasi tupu, yachanganye, yaache yalale usiku mmoja. Kesho yake kila neno lina alama 3: moja ya maana, moja ya umbo la kamusi, moja ya sentensi mpya ambayo haimo kwenye wimbo wowote. Jumla 60. Ukipata pungufu ya 30, umeimba tu, hujajifunza. Wengi huangukia umbo la kamusi. Mtu anajua *wasurenaide* ni "usisahau", lakini mwambie aseme "nimesahau", anakwama, kwa sababu hajawahi kugundua kwamba mle ndani kuna *wasureru*. Alichonacho ni kipande cha sauti kilichobandikwa tafsiri.

Kipimo cha pili, wimbo usioujua. Msanii yule yule, wimbo ambao sikio lako halijawahi kukutana nao. Fungua mashairi yasiyo na furigana (zile herufi ndogo zinazoonyesha matamshi ya kanji, herufi za maana), soma na kalamu mkononi, pigia mstari kila neno geni, kisha hesabu ni mangapi katika kila 100. Kiitikio kihesabu mara 1 tu hata kama kimerudiwa mara 4, la sivyo unajigawia alama za bure. Wanaochunguza usomaji wa lugha ya kigeni hutaja asilimia 98 kuwa ndipo mtu husoma bila kushikwa mkono, yaani maneno mageni 2 katika 100. Ukiwa na 5 unafuata habari kwa jumla. Ukifika 10 unabuni, hata kama ubunifu wako ni mtamu kuliko wimbo.

Cha tatu ndicho kinachouma. Tafuta msanii akiongea jukwaani kati ya wimbo na wimbo, wenyewe huita MC. Kata sekunde 60. Sikiliza mara 3, si zaidi, andika kila unachosikia kwa kana, yaani hiragana na katakana. Kisha linganisha na manukuu ya Kijapani yaliyoandikwa na binadamu. Yale ya mashine hukosea majina, na watu wakicheka ndiyo yanapotea kabisa. Utaona makosa yako yamejirundika mahali pamoja, kwenye mkia wa kitenzi. *Shite shimatta* inatamkwa *shichatta*. *Shite iru* inakuwa *shiteru*, *shite oku* inakuwa *shitoku*, *shinakereba* inakuwa *shinakya*. Wimbo umekuzoesha kusikia karibu kila silabi ikipewa noti yake. Mazungumzo hayana huruma hiyo.

Cha nne kifupi: chukua ubeti mmoja, ueleze kwa sauti kwa sentensi za kawaida za *desu/masu*, umbo la adabu, kana kwamba unamsimulia mwalimu. Ukishindwa kutoka nje ya maneno ya mtunzi, ubeti huo hujauelewa.

---

mchanga_wa_kana:

Asante mkuu, nimekoma. Ila sisi wa Kiswahili si tuna bahati? Irabu ni zile zile a, e, i, o, u, silabi wazi, romaji, yaani Kijapani kwa herufi zetu, inasomeka kama gazeti. Matamshi si tunaweza kuyaruka?

---

Dada_Noti:

Usiyaruke mdogo wangu. Bahati ipo, na mtego umetegwa papo hapo.

Bahati kwanza. Irabu ni 5 na zinakaribiana sana na zetu, isipokuwa *u*, ambayo wao hawachomozi midomo. Ile ん (*n*) inayowatesa wengine kwetu ni jambo la kila siku: tunasema *m-tu* na *n-chi*, konsonanti inasimama peke yake kama silabi. Basi *ho-n* ni mapigo 2 na *shi-n-ji-te* ni mapigo 4, hakuna ajabu. Hata *ng'* ya ng'ombe ina kazi: baadhi ya waimbaji, hasa wa enka (nyimbo za mtindo wa kale), na watangazaji wa mtindo wa zamani hutamka *ga* isiyo mwanzoni mwa neno kama *ng'a*. Ukiisikia usidhani sikio limekuangusha.

Sasa mtego. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiikaza tunaivuta kidogo bila kujijua. Kijapani hakina habari na mkazo huo, ila urefu wa irabu hubadilisha neno zima. *Obasan* (おばさん) ni shangazi au mama wa makamo. *Obaasan* (おばあさん) ni bibi kizee. Sema *obasan* kwa mkazo wetu wa kawaida, *ba* inavutika, na mama wa watu umeshamzeesha. *Ojisan* na *ojiisan* ni vivyo hivyo. Halafu kuna hawa watatu: *kite* 来て, njoo, *kiite* 聞いて, sikiliza, *kitte* 切って, kata. Wawili wa kwanza wamejaa kwenye nyimbo za mapenzi, na mashabiki wengi huwaimba sawasawa kisha wakiongea huwachanganya.

Kwa nini wimbo haukusaidii hapo? Kwa sababu mtunzi ana ruhusa ya kuvuta irabu fupi kwa mapigo 4 na kuibana irabu ndefu ndani ya noti moja. Urefu wa kweli unaonekana kwenye kana. Ndiyo maana romaji za mashabiki zinaharibu watu: wengi huandika *shujin* kwa maneno mawili, 主人, bwana mwenye nyumba au mume, na 囚人, mfungwa, ambalo ni *shuujin*. *Kinen* ni kumbukumbu, *kin'en* ni kutovuta sigara. Kile kialama kidogo cha juu kikiachwa, hujui tena uko kwenye sherehe au kwenye onyo.

Dawa yake: gonga kidole mezani pigo kwa pigo huku ukisema mstari bila tuni. *Gakkou* 学校 ni mapigo 4: ga, kimya, ko, u. Ile っ ni pigo kamili la kimya, kidole kiligonge nalo. Kisha jirekodi, fungua sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tazama mawimbi. Irabu ndefu iwe karibu mara 2 ya fupi. Kama *ba* ya *obasan* yako imeizidi *o* kwa mbali, Kiswahili bado ndicho kinachoendesha.

Kuna jambo jingine ambalo wimbo hulificha kabisa: kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno. Katika Kijapani cha Tokyo, *ame* ikianza juu ikashuka ni mvua 雨; ikianza chini ikapanda ni peremende 飴. *Hashi* juu-chini ni vijiti vya kulia 箸, chini-juu ni daraja 橋. Tuni ya wimbo inaweza kuyafuata hayo au kuyavunja, na aliyejifunza neno ndani ya kiitikio hulitoa na tuni ya kiitikio. Kuna kamusi ya bure mtandaoni, OJAD, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tokyo. Weka kitenzi, inakuchorea mstari wa kupanda na kushuka kwa kila mnyambuliko na kukusomea. Mara moja kwa wiki, maneno 10, inatosha kwa anayeanza. Usijitese nayo kila siku wakati urefu wa irabu bado haujakaa.

Na を: husomwa *o*, lakini waimbaji wengi huimba *wo*. Iache hukohuko kwenye wimbo.

---

Mzee_wa_Kanji:

Naongeza kwenye kipimo cha pili. Kuna maneno yatakayokudanganya hata kama kanji zote unazijua, kwa sababu watunzi wa Kijapani wana mchezo wa kuandika neno moja na kuimba jingine. Karatasi inasema 運命, kwenye kamusi *unmei*, majaaliwa; mwimbaji anaimba *sadame*. 理由 ni *riyuu*, inaimbwa *wake*. 本気, *honki*, inaimbwa *maji*. 瞬間, *shunkan*, inaimbwa *toki*. 宇宙, *uchuu*, inaimbwa *sora*, ili msikilizaji asikie "anga" na msomaji aone "ulimwengu wa nyota zote". Ni ufundi mzuri. Shida inakuja shabiki anapoandika kwenye daftari lake "宇宙 = sora". Kwenye mtihani, 宇宙 ni *uchuu* tu.

Kanuni: furigana ya wimbo inakuambia kinachoimbwa, haikuambii neno linasomwaje. Kila kanji ya wimbo iangalie kwenye kamusi, Jisho.org ni bure, kabla ya kuiweka popote.

Viwakilishi navyo. *Boku* kwa kawaida ni "mimi" ya mwanaume, lakini makundi ya wasichana huimba *boku* kila siku, kwa hiyo usihukumu nani anaongea kwa neno hilo. *Kimi*, "wewe", ndani ya wimbo mara nyingi ni mpenzi. Nje ya wimbo humwambii mwalimu, mteja wala mkubwa wako *kimi*, na hata *anata*, "wewe" nyingine, ina ukakasi. Unamwita kwa jina na *-san*, au kwa cheo, *sensei*. Ni kama kumpita mzee njiani ukamrushia "mambo?"

Kingine kinachowapotosha watu wakijipima ni aina ya msamiati. Wimbo unakupa 心 moyo, 夢 ndoto, 涙 machozi, 翼 bawa, 切ない uchungu wa moyo, 儚い (*hakanai*) kisichodumu. Haukupi *yuubinkyoku* posta, *yoyaku* kuweka nafasi, *norikae* kubadilisha treni, *hasami* mkasi. Matokeo yake shabiki ana *hakanai*, neno ambalo wanafunzi wa darasani hulipata baadaye sana, na hana posta iliyo kwenye masomo ya mwanzo. Anajiona yuko juu kwa sababu anajua maneno magumu. Nyumba ina ghorofa ya nne, ya kwanza haina sakafu.

---

mpita_njia7:

Sawa wazee, sasa mtihani. Mtu wa namna hiyo ajiandikishe N ngapi?

---

Hesabu_Baridi:

JLPT ina ngazi 5, N5 ya chini mpaka N1 ya juu, tangu 2010. Kabla ya hapo zilikuwa 4. Mtihani ni Julai na Desemba, lakini si kila nchi hupata awamu zote mbili, kwa hiyo angalia kwanza kituo chako. Yote ni maswali ya kuchagua jibu. Alama za juu 180. Kupita ni N5 alama 80, N4 alama 90, N3 alama 95, N2 alama 90, N1 alama 100.

Sasa tulia hapa. Kila sehemu ina kima chake cha chini. N1 mpaka N3 kuna sehemu 3 za alama 60, na hakuna inayoruhusiwa kushuka chini ya 19. N4 na N5 maarifa ya lugha na kusoma vimeunganishwa, alama 120, kima 38. Kusikiliza ni 60, kima 19. Chukua mtahiniwa wa N4 mwenye 55 kwenye kusikiliza na 35 kwenye ile nyingine. Jumla 90, ndiyo ya kupita hasa. Amefeli, kwa sababu 35 haijafika 38. Hiyo ndiyo sura ya shabiki wa muziki: sikio la ngazi moja, macho ya ngazi nyingine.

Tangu mtihani wa Desemba 2025 matokeo yanaonyesha pia ngazi ya CEFR, kipimo cha lugha cha Ulaya, A1 ya chini mpaka C2 ya juu. N5 ni A1, N4 ni A2. N3 yenye 95 hadi 103 ni A2, kuanzia 104 ni B1. N2 kuanzia 112 ni B2, chini ya hapo B1. N1 kuanzia 142 ni C1, chini ya hapo B2. Kwa hiyo "nina N3" peke yake haisemi kitu kizima, uliza alama.

Namna ya kuchagua: tovuti rasmi ya JLPT ina mafungu mawili ya maswali ya mazoezi kwa kila ngazi, la 2012 na la 2018, bure, na sauti zake. Fanya la ngazi unayodhani ni yako kwa muda kamili. Sauti ya kusikiliza usiisimamishe wala kuirudisha, maana chumba cha mtihani huchezwa mara 1 tu. Alama rasmi hazitokani na kuhesabu maswali uliyopata, hupitia hesabu yao ya kulinganisha, kwa hiyo usichukue kikokotoo ukajipa 112. Mimi hutumia kanuni nyepesi: asilimia 70 katika *kila* sehemu, jiandikishe, sehemu moja ikiwa chini ya 50, shuka ngazi au ahirisha.

Na msibebe zile "orodha za maneno ya N2" kama msahafu. Waandaaji hawatoi orodha rasmi tangu 2010. Zinazozunguka ni makisio.

---

Bubu_wa_Karaoke:

Mtihani usio na kuongea wala kuandika unapima nini? Mtu anaweza kuwa na N1 na akaulizwa jina la kituo akababaika. Sisi mashabiki angalau mdomo umefunguka.

---

Hesabu_Baridi:

Kwamba hauna kuongea wala kuandika ni kweli, na ukipita usitangaze kwamba unaongea. Lakini mdomo uliofunguka kwa wimbo umefungukia sentensi za mtu mwingine. Hata mashine za karaoke zisikuvimbishe kichwa: zinapima kama umegonga noti, umevuta sauti vizuri, umetikisa panapotakiwa. Ukiimba "la la la" kwenye tuni sahihi mashine haina neno.

Anayetaka kujipima kuongea achukue *Irodori*, kitabu cha bure cha Japan Foundation cha ngazi za A1 na A2. Kila somo lina orodha ya "naweza": kusema unachopenda, kuuliza bei, kuomba radhi kwa kuchelewa. Jirekodi dakika 1 kwa kila kipengele bila kuandika kwanza. Ukisita zaidi ya sekunde 5 katikati ya sentensi, hicho bado hakijakuwa chako.

---

SautiKavu:

Na kabla mtu hajauliza muda: taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake, FSI, hukadiria saa 2,200 za darasani kwa msemaji wa Kiingereza kufika ngazi ya kazi. Saa 1 kwa siku bila kukosa ni miaka 6. Sisi tuna nafuu ya matamshi na ya vitenzi, kanji hatuna nafuu yoyote: za matumizi ya kawaida ni 2,136. Kucheza wimbo huku unaosha vyombo hakuingii kwenye hizo saa.

---

Kitenzi_Tu:

Nafuu ya vitenzi umeitaja ukaipita, nami naiona ndiyo hazina yetu.

Kwanza *kore, sore, are*. Lugha nyingi zina mbili tu, ya karibu na ya mbali, na wasemaji wake huumwa kichwa na hiyo ya katikati. Sisi tuna *hii, hiyo, ile*. Ni zile zile karibu kabisa: kilicho kwangu, kilicho kwako au tulichokitaja, kilicho mbali na wote wawili. Wimbo ukisema *ano hi* ni "siku ile", na utamu wa "ile" unausikia bila kufundishwa.

Pili mnyambuliko. Wageni huogopeshwa na *tabesaseraretakunakatta*. Ikate: *tabe* kula, *sase* kutendesha, *rare* kutendwa, *taku* kutaka, *nakatta* kukanusha wakati uliopita. Sasa sema "sikutaka kulishwa". Kwenye *li-sh-w-a* tayari una kutendesha na kutendwa kwa mpangilio ule ule. Tofauti ni kwamba sisi tunapachika mengi mbele, wao wote wanapanga foleni nyuma. Kwa hiyo ukisoma mashairi anzia mwisho wa sentensi, urudi nyuma.

Tunapoumia ni mtendaji. Kiswahili hakikuachi: *ni-*, *u-*, *a-*, *tu-*, kila kitenzi kinabeba mwenyewe. Kijapani hakina kiambishi hicho, na nyimbo huacha hata kiwakilishi. Tazama jina la wimbo wa Kyu Sakamoto wa 1961, ule uliofika namba 1 Marekani mwaka 1963: *Ue o muite arukou*. *Ue* juu, *muite* kutoka *muku*, kuelekea, *arukou* kutoka *aruku*, kutembea. Ile *-te* hapa inafanya kazi ya *-ki-* yetu, na *-ou* inafanya kazi ya "ni…e" au "tu…e". Nitembee nikitazama juu? Tutembee tukitazama juu? Jina lenyewe halisemi. Ukikutana na tafsiri ya mashabiki imeweka "mimi" kila mahali, jua kuna mtu ameamua kwa niaba yako.

Kinachokuokoa ni vitenzi vya kupeana. *Dakishimeta*, "-likumbatia", huwezi kujua nani kamkumbatia nani. *Dakishimete kureta*, *kureru* maana yake kitendo kimekuja upande wangu: alinikumbatia. *Dakishimete ageta*, kimetoka kwangu kwenda kwake. *Dakishimete moratta*, nimekipokea. Wimbo wa kuachana mara nyingi husomeka upya mtu akianza kuzizingatia hizo tatu. Zifanye kabla ya sarufi nyingine yoyote ya N4.

---

mchanga_wa_kana:

Hapa ndipo nimeelewa kwa nini tafsiri mbili za wimbo mmoja zinapingana. Sasa mnapendekeza kuushughulikia wimbo mmoja vipi, hatua kwa hatua?

---

Mzee_wa_Kanji:

Siku 4 kwa wimbo.

Siku ya kwanza sikiliza mara 2 bila maandishi, andika vipande unavyovidaka, hata kama ni 6 tu. Kisha fungua mashairi ya Kijapani. Tovuti ya Uta-Ten huweka furigana. Romaji isifunguliwe, kama bado unaihitaji, tumia wiki 2 kumaliza hiragana na katakana, 46 na 46 za msingi, urudi.

Siku ya pili vitenzi tu. Kila kitenzi kirudishe kwenye umbo la kamusi na uandike kimebebeshwa nini. Hapo utakuta *-tai* (kutaka), *-naide* (usi-), *-temo* (hata uki-), *-you* (tu…e), *-mama* (hali ile ile) zikijirudia. Sarufi ya nyimbo si pana kama unavyodhani. Ukikwama, Yomitan, kamusi inayowekwa kwenye kivinjari, itakurudishia umbo la kamusi ukiweka kipanya juu ya neno, lakini jaribu mwenyewe kwanza, maana kipanya hakiingii chumba cha mtihani.

Siku ya tatu andika tafsiri yako ya Kiswahili, *kisha* soma ya wengine. Ukianza na yao umeshajinyima kipimo. Mahali mlipotofautiana ndipo somo lilipo.

Siku ya nne sema wimbo wote bila tuni kwa kidole cha Dada_Noti, ujirekodi.

Kadi za Anki, programu ya kurudia maneno: maneno 5 kwa wimbo, basi. Wanaoanza huingiza 60 kwa mkupuo. Kwa kawaida maneno mapya 10 kwa siku huzaa marudio 70 hadi 100 kwa siku baada ya wiki chache; fanya hesabu ya 60. Upande wa mbele weka sentensi fupi ya kawaida yenye neno hilo, si mstari wa wimbo, na kamwe usiweke sauti ya wimbo, kwa sababu tuni itakujibia. Kadi ikikushinda mara 8 Anki huitia alama ya *leech*, na ukiipangia hivyo huisimamisha. Usiirudishe vile vile, tunga sentensi nyingine.

---

Dada_Noti:

Napingana na mzee kidogo kwenye maneno yale yanayoandikwa hivi na kuimbwa vile. Yeye angeyafukuza. Mimi naona yakae kwenye daftari la pembeni, safu mbili, kamusi na wimbo, kwa sababu shabiki atayaimba tu. Ila kwenye Anki yasiingie, hapo tuko pamoja.

Na wanaowafuata wasanii wa nje wanaotoa nyimbo kwa Kijapani: mahojiano yao ni zoezi zuri la N4 kwenda N3, huongea taratibu na kwa sentensi fupi. Usiyatumie kujipimia kipimo cha tatu. Hicho kinataka mzawa wa lugha anayeongea na watu wake.

---

mchanga_wa_kana:

Nimejaribu kipimo cha kwanza kwa maneno 3 kabla sijafanya yote 20. Naomba msahihishe.

*aitakute*: natamani kukuona. Kamusi: *aitai*. Sentensi: *Sensei, kimi ni aitakatta desu.*
*modorenai*: siwezi kurudi. Kamusi: *modoreru*. Sentensi: *Kyou wa ie ni modorenai.*
*tsuyogari*: kujifanya jasiri. Kamusi: *tsuyoi*. Sentensi: *Kare wa tsuyogari desu.*

---

SautiKavu:

Maana zote 3 ni sahihi, alama 3.

Umbo la kamusi, sifuri. *Aitai* bado ina "kutaka" ndani yake. Shuka mpaka *au*, kukutana. *Modoreru* ni kuweza kurudi, mzizi wake ni *modoru*. *Tsuyogari* ni nomino kutoka *tsuyogaru*, nayo imejengwa juu ya *tsuyoi*; umeruka ngazi moja. Kwenye yote 3 umesimama mahali pasipo sahihi, kwa hiyo rudi kwenye siku ya pili ya Mzee wa Kanji kabla ya kwenda kwenye maneno 20.

Sentensi ya pili na ya tatu ziko sawa, alama 2. Ya kwanza sarufi ni safi lakini umemwita mwalimu *kimi*. Nusu alama. Sema *Sensei ni aitakatta desu*.

5.5 kati ya 9.